Ringi ya Binti Yangu na Maji ya Baraka

Mimi shule niliiacha darasa la nne na sijawahi kuitafuta tena. Nilichonacho nimekipata kwa mikono hii: nyumba ya tofali za kuchoma, duka la vipuri vya baiskeli hapa Ifakara mjini, na watoto ambao wote wamesoma mpaka wakachoka wenyewe. Nilianza kwa kuziba pancha kwenye kibanda cha nyasi njia ya kwenda kivukoni, enzi daraja la Kilombero halijajengwa. Leo mtu akivunja spoku kijijini Namawala anajua pa kuja. Sisemi hivi kujisifu. Au basi, najisifu. Nani atanisifu vizuri kuliko mimi mwenyewe?

Mtoto wangu wa mwisho, binti, ndiye aliyenipa taabu kumwelezea kwa watu. Wenzake walisomea vitu vinavyoeleweka. Mmoja ni nesi, mwingine mwalimu, mwingine anafunga umeme majumbani. Huyu akaenda chuo kikuu kusoma kemia, akamaliza, akarudi tena kusoma kemia ileile. Nilipomuuliza kwenye simu safari hii anasoma nini, akasema, "Baba, natengeneza pete." Nikamwambia pete hata sonara wa hapa sokoni anatengeneza, na hajakanyaga chuo.

Alicheka sana. Akasema, "Nikija nitakuonyesha."

Akaja mpunga ukiwa umeshavunwa, barabara zimekauka na mji umejaa baiskeli zenye magunia. Kazi ilikuwa nyingi dukani. Asubuhi ya pili akanikuta nimekaa na tairi la mbele la mteja, navuta spoku ringi iache kuyumba. Akavuta kreti akakaa mbele yangu.

"Hapohapo, baba. Usiendelee. Kazi yangu ni hiyo uliyoishika."

"Umeanza kushindana na mimi?"

"Sikiliza. Hii habu ya katikati ndiyo metali yangu. Hii ringi ndiyo pete ninayoisuka, ila yangu ni ndogo, macho hayaioni. Na hizi spoku ndizo zinazoishika habu isitoke."

Hapo nikamsikiliza. Mtu akizungumza kwa baiskeli mimi sipitwi.

Metali yenyewe inaitwa yuropiamu. Jina hilo nililikariri siku nzima ili niweze kulitamka mbele za watu. Ni katika kundi la madini wanayoyaita adimu ya ardhi. Binti yangu akasema wala si adimu kihivyo, tatizo ni kwamba yanafanana kama ndugu wa tumbo moja na kuyatenganisha ni kazi kubwa. Hilo la yuropiamu lina sifa moja: likikaa vizuri ndani ya pete, ukilimulika kwa mwanga fulani wa zambarau, linawaka jekundu. Halichomi wala halitoi moshi.

"Linawaka kwa faida ya nani?" nikauliza.

"Wataalamu wa mbu wanalihitaji. Ukilibandika kwenye dawa ya kupimia, mbu mwenye vimelea vya malaria anajulikana kwa ule wekundu, hata kama vimelea ni vichache."

Hapo nikaona maana. Mimi nimekulia Namawala, na kule mbu wamechunguzwa kuliko watu. Tangu nikiwa kijana naona wageni na wenyeji wanakamata mbu kwa mirija, wanawahesabu, wanawapeleka mjini kwa gari. Mbu anapanda gari, sisi tunatembea kwa miguu.

Nikataka kujua hiyo pete inasukwaje. Akasema vipande viwili vya kemikali vinakutanishwa ndani ya spiriti nyingi, tone kwa tone, na metali imekaa katikati ili vipande viizunguke na kufungana.

"Sasa mbona unatumia spiriti ndoo nzima kwa kitu kidogo? Weka vipande vyote kwa mpigo upate pete nyingi," nikamshauri. Ushauri wangu watu wa hapa wanauheshimu.

"Vikibanana, baba, mkia wa kipande hiki unashika kichwa cha jirani. Wa jirani unashika mwingine. Mwisho wake napata mnyororo, sipati ringi."

Nikatazama minyororo yangu iliyoning'inia ukutani. Alikuwa sahihi. Mtu wangu huyo.

Sasa hebu nieleze shida iliyomleta nyumbani, maana hakuja kula wali tu. Metali ile ina tamaa ya maji. Popote yalipo inayafuata, na ikiyashika inaisahau pete, wekundu unazimika. Na dawa ya kupimia mbu haiwezi kukosa maji. Binti yangu alikuwa ametengeneza pete mara tatu, na zote tatu zilikufa kwenye maji. Siku ya kwanza zinawaka, ya pili zinafifia, kisha kimya. Zile zilikuwa pete bapa, metali imekaa juu kama mtungi juu ya kata, na maji yakaingilia upande wa wazi.

Mara ya nne akabuni kitu chake. Akaongeza mkanda unaopita juu ya pete, metali ikafungwa pande zote.

"Kama tenga la kuku," nikasema.

"Hasa! Tenga la kuku." Akapiga makofi. "Mwalimu wangu alisema huo mkanda hautapita, nafasi ni ndogo. Mimi nasema umepita."

"Umeona kwa macho?"

"Ndiyo shida. Sijaona."

Ili aone, alihitaji fuwele: punje safi yenye kingo, kama ya chumvi ya mawe, ambayo mashine za chuoni zinaweza kuipiga picha mpaka metali ionekane imekaa wapi. Kama si fuwele, basi athibitishe kwamba tenga lake linavumilia maji. Akikosa vyote viwili, mwalimu anampa kazi nyingine na jasho lote la mwaka limekwenda. Na vifaa vilikuwa vimekwisha. Tenga zote alizonazo duniani zilikuwa ndani ya kichupa kimoja kisichozidi kidole changu gumba, zimeyeyuka kwenye spiriti.

"Nimeamua nitafute fuwele," akasema. "Maji naogopa, baba. Zile tatu nimezizika mwenyewe."

Fuwele hukua spiriti ikikauka polepole, na chupa isiguswe, isitikiswe. Chuoni kuna mashine zinazotetemesha meza kutwa nzima. Akakumbuka nyumbani. Nyumbani! Kuna nyundo za dukani, wajukuu, kuku na wageni. Akazunguka vyumba vyote na kichupa mkononi kama mtu anayetafuta mtandao. Mwishoni akasimama sebuleni.

"Pale," akasema.

Pale ni kwenye rafu ya Mama Bikira. Kila nyumba ya Kikatoliki huku ina rafu hiyo: sanamu, rozari, mshumaa, na chupa ya maji ya baraka. Hakuna mtoto anayeigusa. Mke wangu pekee ndiye anayeifuta vumbi, na binti akamweleza mama yake vizuri sana. Kichupa kikawekwa kando ya chupa ya maji ya baraka, kimefunikwa karatasi ya fedha, ile ya kufungia chakula, iliyotobolewa kwa sindano.

Spiriti ikaanza kushuka. Kila asubuhi binti anapanda kwenye kigoda, anachungulia bila kugusa, anashuka na habari. "Bado." Halafu, "Kuna kitu ukingoni." Halafu siku moja akashuka anacheza. Punje zilikuwa zimeanza, ndogo, zinameta.

Sasa dada yangu mkubwa akasikia mpwa wake yuko nyumbani. Huyu anaishi Kisawasawa, na huwa hapigi simu kwamba anakuja. Unasikia tu hodi. Akafika na kuku mmoja na mchele wake mwenyewe, kwa sababu wa kwangu anasema una mawe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda? Huko chuoni mnakula vitabu?"

"Tunakula ugali, shangazi."

"Basi ugali wenyewe unaukimbia mwili wako."

Kulipokucha yeye ndiye wa kwanza kuamka, kama kawaida yake, akaenda kusali mbele ya rafu. Lazima nieleze desturi ya kwetu. Wazazi wetu walitokea upande wa Mahenge, na zamani kanisa lilikuwa mbali, padri anapita mara chache. Maji ya baraka hayaachwi yakaisha. Yakipungua, unaongeza maji safi yale ya zamani yakiwa bado yapo, na baraka inaendelea. Mama yetu alifanya hivyo, na dada yangu anafanya hivyo katika kila nyumba anayoingia. Ukimkaribisha chai, kabla hajakaa ameshaangalia chupa yako.

Akaona chupa kubwa imepungua. Akaona na kichupa kidogo pembeni, karibu kinakauka, tena kimefunikwa kwa heshima na karatasi ya fedha. Akachukua jagi akaijaza chupa kubwa, kisha akamimina kutoka humo akakijaza na kichupa.

Mimi nilikuwa nje nanawa uso. Nikasikia binti yangu anasema, "Shangazi!" Hakupiga kelele. Alilitamka kama mtu aliyekanyaga msumari mbele ya wakwe.

Nikaingia. Binti yuko juu ya kigoda, kichupa mkononi kimejaa pomoni. Punje hazipo, zimeyeyuka zote.

"Nani ameweka maji?"

"Mimi," dada akasema, rozari bado mkononi. "Ilikuwa inakauka. Nyumba gani hii ina chupa kavu mbele ya Mama?"

"Shangazi, ile haikuwa ya baraka."

"Sasa imefuata nini kwenye rafu ya baraka?"

Mke wangu akajishika kiuno, akanitazama kana kwamba dada yangu nimemwagiza dukani. Binti akashuka, akakaa kwenye mkeka, akakiweka kichupa mbele yake. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya, maana watoto wanaolia nimewalea wengi. Alikitazama tu.

Dada yangu alipoelezwa kilichokuwamo, alikaa chini pia. Yeye hajui kuomba radhi, ni ugonjwa wa ukoo. Alichosema ni, "Basi kuku yule mchinjieni huyu mtoto."

Kisha binti akainua kichwa.

"Baba, mama wakala bado anayo ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti?"

Mama wakala ni jirani yangu wa dukani, anatoa na kupokea pesa za simu. Ni Mngoni, mtani wangu, mdomo wake hauna breki. Nilipomfuata kuazima tochi akakataa kuitoa bila yeye mwenyewe kuja.

"Nikuachie tochi yangu wewe? Utaifungulia spoku. Twende wote. Kuna msiba?"

"Bado hatujajua."

Tukaingia stoo ya matairi kwa sababu haina dirisha. Mwanga bado ulipenya kwenye bati, kwa hiyo nikachukua blanketi zito tukajifunika: mimi, binti, dada yangu, na mama wakala. Mke wangu akakataa, akasema hataki kukutwa amekufa mle ndani na watu wa namna ile. Joto lilikuwa la tanuri, na mama wakala alikuwa amejipaka mafuta ya nazi.

"Mtani, mkono wako uko wapi?"

"Umeshika blanketi. Wewe shika tochi."

"Kimya," binti akasema. "Washa."

Akawasha. Ile zambarau ikapiga kichupa, na maji yote yakawa mekundu. Mekundu kabisa, kama kaa la moto ulilolipuliza. Nimeona vitu vingi, nimeona mto Kilombero umejaa mpaka mashamba hayaonekani, lakini maji yanayowaka nilikuwa sijaona.

"Yesu na Maria!" dada yangu akasema.

"Mtani," mama wakala akanong'ona, "umezaa nini?"

Nikalitupa blanketi, nikapiga kelele za furaha. Mama wakala akapiga vigelegele. Binti peke yake hakusogea.

"Msifurahi," akasema. "Zile tatu za kwanza nazo ziliwaka siku ya kwanza."

Basi tukaanza kungoja. Niseme ukweli, sijawahi kungoja kitu hivyo, hata mavuno. Ile kazi yake yote ilikuwa ndani ya maji, haina pa kukimbilia: ama tenga limefungwa kweli, ama metali itatoka taratibu na kwenda zake. Dada yangu akatangaza haondoki mpaka ajue. Akaanza novena, sala ya siku tisa. Mama wakala akawa anafunga kibanda chake mchana anakuja na tochi, na wateja wake wakamfuata kuuliza kuna nini. Nikawa na foleni mbele ya stoo yangu, watu wanaingia chini ya blanketi wanatoka wameshika mdomo. Wawili kati yao walinunua tyubu. Sikuwazuia.

Kesho yake kikawaka. Binti akatazama muda mrefu, akasema, "Sijui." Keshokutwa yake kikawaka. Akasema, "Sijui, naona kama ni vilevile." Mimi sikuona tofauti hata chembe.

Ndipo ugomvi wa kweli ulipoanza.

"Ni baraka," dada yangu akasema tukiwa tunakula. "Maji ya Mama. Ningekuwa nimeweka ya kisimani tu, yangezima."

"Shangazi, ni mkanda. Nimeufunga juu, maji hayapati mlango."

"Na zile tatu zilizokufa uliziwekea maji gani?"

"Ya maabara. Safi kabisa."

"Umeona? Safi, lakini hayajabarikiwa."

Nilicheka mpaka wali ukanipalia. Binti hakucheka. Aliweka kijiko chini, macho yakabadilika. Nayajua macho hayo, ni ya kwangu.

"Haya. Ninayo chembe ya unga mkavu wa zile za zamani, nimeiacha kwenye mkoba. Nipe maji yako, shangazi. Yaleyale. Kutoka kwenye chupa kubwa."

"Unamjaribu Mungu!"

"Sijamjaribu Mungu. Najaribu pete."

Dada yangu akatafuna kwanza. Ni mwanamke asiyekimbia mashindano, hata yakiwa na mbingu ndani. "Lete chupa," akasema. Akamimina mwenyewe juu ya ule unga kwenye kichupa cha pili, akafanya na ishara ya msalaba juu yake ili asije akaambiwa ameyapunja baraka.

Siku hiyo tukamulika vichupa vyote viwili chini ya blanketi. Vilifanana kama macho ya mtu mmoja, vyote vyekundu. Dada yangu akanipiga kiwiko gizani.

Kulipokucha cha zamani kilikuwa kama taa iliyoishiwa betri. Jioni ya siku hiyo, kabla ya chakula, hakikuwa na kitu: maji tu. Na cha tenga kando yake kinawaka bila wasiwasi.

Binti yangu akatoka nje ya blanketi, akakaa juu ya rundo la matairi. Akacheka, na machozi yanamtoka hapohapo.

"Umepita," akasema. "Baba, mkanda umepita. Metali imo ndani na haitoki."

"Nilijua," nikasema.

"Hukujua."

"Nilijua wewe ni nani. Inatosha."

Mama wakala akamgeukia dada yangu. "Haya mama wa baraka, maji ni yaleyale, pete imekufa, tenga limepona. Unasemaje?"

Dada yangu alikuwa anakunja blanketi, taratibu, kona juu ya kona.

"Nasema Mungu amechagua," akajibu. "Amechagua lililofungwa vizuri."

Binti akamkumbatia. Kuku akachinjwa siku hiyo, maana siku ile ya kwanza hakuna aliyekuwa na hamu.

Alipoondoka nilimfungashia kichupa mwenyewe, ndani ya bati la grisi nililolisafisha, nikajaza pumba za mpunga pande zote. Akalipakata safari nzima ya basi kama mtoto mchanga. Baada ya muda akapiga simu. Mwalimu wake aliukuta wekundu bado upo. Akasema mkanda umepita kweli, na kazi iendelee, fuwele zitatafutwa kwa tengenezo jipya. Vipande vingine vimeshaagizwa.

"Akauliza lile jaribio nimelifanyia maji gani," binti akasema. "Lazima niandike kwenye ripoti."

Nilikuwa nimeweka simu sauti ya juu, na dada yangu, ambaye alikuwa amekuja tena bila kupiga simu, akasogeza kigoda karibu.

"Umeandikaje?" akauliza.

"Nimeandika, maji ya kisima, Ifakara."

Dada yangu akaitazama simu, akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeshika kalamu.

"Tu?"

"Tu, shangazi."

Akainuka, akachukua jagi, akaenda kuangalia chupa ya rafuni imepungua kiasi gani.